Siku tisa Istanbul: mji ulionifungukia nikiwa juu ya kivuko

MLETA UZI

Wakuu, salaam. Nimerudi juzi kutoka Istanbul. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, siku tisa za mwezi wa nne, peke yangu, na begi moja mgongoni. Nimeona niandike sasa hivi kabla mambo hayajaanza kuchanganyika kichwani. Uzi utakuwa mrefu. Mwenye haraka achukue neno moja tu: ukifika Istanbul, usimalize siku zako kwenye foleni za majengo. Panda kivuko, tena kila siku.

Nianze na mwanzo mbaya, maana nusura niuwekee mji mzima kinyongo. Uwanja mkubwa wa ndege uko mbali, kaskazini huko karibu na Bahari Nyeusi. Ndege zilihamia pale mwaka 2019. Nilipanda basi hadi Taksim, katikati ya mji, nikafika usiku, nikatafuta teksi ya kunifikisha nilipopanga. Dereva wa kwanza aligoma kuwasha mita, akataja bei ya kichwani kwake. Nikateremsha begi langu. Wa pili naye vilevile. Nikatembea.

Asubuhi yake, nikiteremka kuelekea daraja la Galata, mpiga viatu rangi aliyekuwa mbele yangu akaangusha brashi. Nikaiokota, nikamkimbilia. Akaweka mkono kifuani, akashukuru kama nimemwokolea mtoto, akasema lazima anisafishie viatu kwa wema wangu. Nilikuwa nimevaa raba za kitambaa! Kabla sijajibu povu lilishajaa juu ya raba, na alipomaliza akataja pesa. Nilipokataa, wakatajwa watoto wagonjwa. Nikatoa kidogo nikaondoka na miguu iliyolowa. Kijana wa mapokezi nilikofikia alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia mchezo huo ni wa miaka mingi: ile brashi haianguki, inaangushwa. Kwa hiyo wakuu, mkiiona chini, mwiteni kwa sauti aje aichukue mwenyewe.

Sasa majengo. Ayasofya, yaani Hagia Sophia, ule msikiti uliowahi kuwa kanisa, nilienda siku ya pili. Mgeni wa kutalii analipa euro 25 na haruhusiwi kushuka chini wanaposwali watu. Unapandishwa roshani ya juu, unazunguka huko, unatoka. Wengi wanalalamika kuhusu huo utaratibu uliowekwa mwaka 2024. Mimi bei iliniuma, lakini roshani sikuijutia hata kidogo, kwa sababu ukiwa juu ndipo unapoliona kuba linavyokaa. Lina upana wa mita 31 hivi, kilele chake kiko mita 55 kutoka sakafuni, na chini yake limezungukwa na madirisha 40. Mwanga ukiingia kwa hayo madirisha, ukingo wa kuba unapotea machoni na kuba lenyewe linabaki kama limening'inizwa. Lilijengwa kati ya mwaka 532 na 537, enzi za Justinian, mfalme wa Byzantium, dola ya Kikristo iliyotawala hapa kabla ya Waturuki, miaka mitano tu. Mwaka 558 likaporomoka baada ya matetemeko, likajengwa upya likiwa limeinuliwa zaidi. Lilikuwa kanisa, mwaka 1453 likawa msikiti, miaka ya 1930 likawa makumbusho, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Yote hayo bado yanaonekana kwa pamoja: mosaiki ya Yesu na Maria upande mmoja, na mbao kubwa za duara zenye majina ya Allah, Mtume Muhammad, makhalifa wanne na wajukuu wawili wa Mtume, Hassan na Hussein, zimetundikwa juu ya nguzo zilezile.

Kuna kitu kimoja kidogo pale roshani ambacho watu wanakipita. Kwenye marumaru ya ukingo kuna michoro ya kisu, haieleweki, kama mtoto alikuwa anachezea. Ni maandishi ya Waviking. Sehemu kubwa imefutika, limebaki jina: Halvdan. Askari wa kutoka kaskazini ya mbali, pengine aliyekuwa akimlinda mfalme, alisimama hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ibada ikamwishia uvumilivu, akatoa kisu akaandika kwamba amefika. Nilisimama pale hadi mlinzi akaanza kunitazama.

Nikiambiwa nichague jengo moja la kurudia, hata hivyo, sitachagua hilo. Nitachagua msikiti wa Süleymaniye. Uliujenga mkono wa Mimar Sinan, msanifu mkuu wa masultani, ukakamilika mwaka 1557, na kuingia ni bure; unavua viatu, mwanamke unajifunika kichwa, basi. Ndani ni kweupe na kimya, na Sinan hakuijaza nakshi kila pembe kama wengine. Ukitoka nyuma kuna bustani yenye ukuta mfupi, na chini yako Pembe ya Dhahabu yote, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, na vivuko vinavuka kama sindano zinazoshona kitambaa. Nilikaa pale mchana mzima wa Jumanne na nikala zabibu kavu.

Topkapı, jumba la masultani, nimeingia, ni kubwa, inachosha, nendeni asubuhi. Lile birika la chini ya ardhi, Yerebatan, lenye nguzo 336, ni zuri ila kuna giza na msongamano. Lile soko kubwa lenye paa lina maduka kama 4,000, na baada ya saa moja macho yangu yalikuwa hayaoni tena tofauti ya taa na sahani. Nitaendelea.

MCHANGIAJI

Dada, umetuanzishia na kivuko halafu umetuacha juani. Shusha hiyo habari ya kivuko, nimeweka kambi hapa.

MLETA UZI

Naja, kaka. Hapa ndipo penyewe.

Siku ya tatu mvua ilininyeshea Eminönü, karibu na daraja la Galata, nikaingia jengo la karibu kujificha. Kumbe ni gati. Watu wanagusisha kadi, wanapita, nami nikagusisha ile kadi ya usafiri, Istanbulkart, inayotumika kwenye mabasi, tramu, treni na vivuko. Sikujua kinakwenda wapi. Kilikuwa kinakwenda Kadıköy, ng'ambo, upande wa Asia, dakika kama ishirini na tano.

Ndani ya kivuko kuna mabenchi ya mbao, na nje pembeni mwa reli kuna mabenchi mengine yanayotazama maji. Anapita mhudumu na sinia la chai, chai nyekundu kwenye bilauri ndogo iliyobanwa kiunoni, juu ya kisahani chenye vidonge viwili vya sukari. Unaishika kwa ncha za vidole pale kwenye mdomo wake, kwingine inaunguza. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa na simit, ule mkate wa duara uliopakwa shira ya zabibu na kuviringishwa kwenye ufuta. Alikata kipande, akakirusha juu bila hata kutazama, na shakwe akakidaka hewani. Akakata kingine, akala mwenyewe. Kimoja chake, kimoja cha shakwe, hadi simit ikaisha na sisi tumefika. Mvua ilishakatika.

Nilipogeuka nyuma ndipo nikauona mji. Siku mbili nzima nilikuwa nimetembea ndani yake bila kuuona, maana ukiwa ndani ni vilima, ngazi, kuta na migongo ya watalii. Kutoka majini unajipanga wenyewe: rasi ya mji wa kale, jumba la wafalme kwenye ncha, Ayasofya na minara yake minne, ule msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita, kisha Süleymaniye juu ya kilima chake. Nikaelewa pia kisa cha Kadıköy. Zamani iliitwa Chalcedon, na Wagiriki waliifikia kabla ya kuanzisha Byzantium, mji uliokuja kuwa Istanbul, pale ng'ambo. Herodotus ameandika kwamba jemadari mmoja wa Uajemi, Megabazus, aliposikia hivyo alisema watu wa Chalcedon lazima walikuwa vipofu, kuacha mahali kama pale pa mbele yao. Kaa kwenye benchi la kivuko utazame, utaona alisema kweli.

Tangu siku hiyo nikawa napanda kivuko asubuhi na jioni. Siku moja nikapanda kile kinachopanda Bosphorus yote kuelekea Bahari Nyeusi. Mlango huo wa bahari una urefu wa kilomita 30 hivi, na mahali pembamba kabisa ni kama mita 700 tu. Hapo ndipo Sultan Mehmed wa Pili alipojenga ngome ya Rumeli Hisarı mwaka 1452, kwa miezi minne mitano, ili meli yoyote isipite bila ruhusa yake. Mwaka uliofuata akauchukua mji. Ngome bado imesimama, ukuta unapanda kilima, na chini yake zinapita meli za mafuta ndefu kiasi kwamba unahesabu hadi ziishe. Maji yenyewe yana jambo la ajabu: juu yanatiririka kutoka Bahari Nyeusi kuteremka Bahari ya Marmara, na chini kabisa kuna mkondo mwingine wenye chumvi zaidi unaokwenda kinyume. Kivuko kikikaribia gati unaona nahodha anakikabili kwa ubavu, anauacha mkondo umsukume, halafu kinatulia penyewe.

Mwezi wa nne tulipu zilikuwa zimechanua bustani ya Emirgan, na miti ya erguvan ilikuwa imeanza kutoa maua ya zambarau mteremko mzima. Sikupiga picha nyingi. Nilikuwa natazama.

Ipo treni inayopita chini ya maji yaleyale, Marmaray, ilifunguliwa mwaka 2013. Inavuka kwa dakika chache tu. Ilichelewa kufunguliwa kwa sababu walipochimba stesheni ya Yenikapı walikuta bandari ya zamani na mabaki ya meli 37 za enzi za Byzantium, ikabidi waakiolojia wazitoe kwanza. Nimeipanda mara moja. Inawahisha, ila unavuka kutoka bara moja hadi jingine ukitazama kioo cheusi.

MCHANGIAJI

Mkuu, lugha ulipambana vipi? Nasikia Waturuki Kiingereza hakipandi.

MLETA UZI

Sultanahmet, mtaa wa Ayasofya na watalii, kinapanda, ukitoka hapo kinakauka haraka. Lakini sikiliza hili, ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Siku ya kwanza kijana wa mapokezi aliniambia "merhaba". Nikashtuka, nikaona kama ananiitikia shikamoo ambayo sijampa! Kwao ni salamu tu ya watu wote. Baada ya hapo masikio yakafunguka. Kitabu ni kitap, kalamu ni kalem, daftari ni defter, saa ni saat, dakika ni dakika, sabuni ni sabun, dunia ni dünya, habari ni haber, askari ni asker. Ukimaliza kula unaomba hesap, nayo ni hesabu. Wanaosukuma mizigo kwenye vichochoro vya soko wanaitwa hamal. Uwanja wa ndege ni havalimanı: hava ni ile hewa yetu na liman ni bandari, kwa hiyo bandari ya hewa. Soko ni pazar, na Jumapili pia ni Pazar, na Jumapili ndiyo siku lile soko kubwa lenye paa linapofungwa. Nilifunga safari nikakuta milango ya chuma. Kiarabu na Kiajemi vilipita kwao na vikapita kwenye Kiswahili, tukaokota maneno yaleyale kila mmoja kwa upande wake. Gatini nilikuwa nasoma neno sefer kwenye ratiba za vivuko. Sefer ni safari. Nilisoma ratiba nzima bila mkalimani.

Halafu wanaitana kindugu hata wasiojuana. Mimi nilikuwa abla, dada mkubwa, kila mahali. Mzee ni amca, yuleyule ami. Mama mtu mzima ni teyze. Ukimwita muuza samaki "abi", kaka mkubwa, uso unabadilika hapohapo.

Neno lililonikamata zaidi nililipata Üsküdar, upande wa Asia. Kuna kimgahawa cha chai karibu na maji, meza nne, mwenyewe ni mzee mwenye fulana ya sufu. Nilikunywa bilauri mbili, nikasimama nilipe. Akatikisa kichwa, akarudisha mkono wangu, akasema "misafir, misafir". Nikajua ananiita msafiri. Nikamwitikia ndiyo, ni kweli, mimi msafiri, nikazidi kumsogezea pesa. Akacheka, akaufunga mkono wangu na pesa zake ndani. Jioni nikamuuliza kijana wa mapokezi, akaniambia misafir kwa Kituruki si mtu wa safari, ni mgeni. Na anayebisha hodi bila taarifa wanamwita Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu. Neno ni lilelile: sisi tumelibakiza njiani, wao wamelikaribisha ndani wakalipa chai.

Siku mbili baadaye nikapanda kivuko cha Pembe ya Dhahabu hadi Eyüp, kwenye kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyemkaribisha Mtume nyumbani kwake alipohamia Madina. Alifia chini ya kuta za mji huu karne ya saba, katika jeshi lililokuja kuuzingira. Waturuki wanamheshimu kwa jina la mwenyeji wa Mtume. Uani palikuwa na watoto wa kiume waliovishwa mavazi meupe ya kifalme, majoho na fimbo, wameletwa kuombewa dua kabla ya kutahiriwa. Mmoja alikuwa amechoka, kofia imemwangukia masikioni, mama yake anamlisha simit. Nilikaa pale nikimfikiria huyo mzee wa chai, na nikalia kidogo, si kwa huzuni.

MCHANGIAJI

Nondo nzito hizi. Mimi nataka upande wa biashara, nguo. Umepita Laleli?

MLETA UZI

Nimepita mkuu, ila mimi sikwenda kununua, hivyo nitasema nilichokiona tu. Laleli na Osmanbey ni maduka ya jumla, wengi hawakuuzii kipande kimoja, wanauza kwa seri, yaani furushi la saizi mbalimbali za nguo ileile. Kuna mawakala wa mizigo wa kila nchi karibu na Aksaray. Waafrika ni wengi mitaa hiyo na Kumkapı. Ukikwama utapata wa kukuelekeza. Usitegemee bei ya mtu aliyekwenda mwaka jana, lira inashuka na bei zinapanda upesi sana. Uliza upya kila kitu.

MCHANGIAJI

Dada, kwa mwanamke wa peke yake usiku kukoje? Na ubaguzi?

MLETA UZI

Mdogo wangu, nitakwambia kwa ukweli. Kutazamwa nilitazamwa, hasa mitaa isiyo na watalii. Duka moja la vipodozi mlinzi alinifuata rafu kwa rafu hadi nikaweka kikapu chini nikatoka. Iliniuma na bado inaniuma. Kwa upande mwingine, Kadıköy nimetembea saa nne usiku, watu wamejaa, familia na watoto wako nje, sikuogopa. Taksim usiku sana pale kwenye vilabu sikupapenda, na mwanaume anayekualika kinywaji mahali anapopajua yeye mkatae, wageni wengi wameletewa hesabu ya kutisha.

Kitu kilichonituliza mitaani ni paka. Wako kila mahali na ni wa mtaa mzima: bakuli za maji milangoni, vijumba vya mbao, paka amelala juu ya mashine ya kadi na watu wanapitisha mikono pembeni ili wasimwamshe. Kadıköy kuna sanamu ya paka mmoja, Tombili, aliyezoea kuegemea ngazi kwa kiwiko. Alipokufa watu walidai akumbukwe, na sanamu ikawekwa mwaka 2016 palepale alipokuwa anakaa. Niliikuta ina chakula mbele yake.

MCHANGIAJI

Shukrani kwa uzi, mwanangu. Nina miaka 68, magoti yameniishia, na binti yangu anataka kunipeleka Oktoba. Nitauweza huo mji wa vilima?

MLETA UZI

Shikamoo mama. Utauweza, ila mpange kwa kufuata maji. Mlale karibu na njia ya tramu ya T1, inapita Sultanahmet, Eminönü na Karaköy, hakuna ngazi nyingi za kupanda. Uwanja wa Sultanahmet ni tambarare, kuna mabenchi. Ayasofya kufika roshani ni kupanda, mwende polepole, na Yerebatan kuna ngazi za kushuka na sakafu inateleza, hilo ningeliacha. Mteremko wa Galata usiujaribu kwa miguu. Pale Karaköy kuna Tünel, kijitreni cha chini ya ardhi kinachopandisha watu hadi Beyoğlu tangu mwaka 1875, ni London tu iliyotangulia kuwa na treni ya aina hiyo. Ni dakika mbili hivi, na umekaa.

Halafu mchana mmoja msiweke kitu kingine chochote. Pandeni kivuko cha Kadıköy pale Eminönü, mkae nje upande wa kushoto, mtaona mnara wa Kız Kulesi katikati ya maji na stesheni ya zamani ya Haydarpaşa mkikaribia. Kuleni samaki kule, mpumzike. Rudini na kivuko cha magharibi, mkae tena kushoto, maana jua linazama nyuma ya minara na mji wote unakuwa kivuli kimoja. Oktoba upepo una baridi, ubebe mtandio mzito. Na binti akununulie simit mbili kabla hamjapanda, moja yako na moja ya shakwe.